Mpiganaji wa Kagera na Zahanati ya Kijiji Chake

(Mazungumzo na waganga, wauguzi na wazee wapiganaji wa Mkoa wa Mara, Mwitongo, Butiama)



Mwezi Septemba mwaka 1978 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovyeti. Walitangaza kwamba afya ya binadamu haiwezi kungojea hospitali kubwa za mijini, bali hapana budi ianzie pale mtu anapoishi na kufanya kazi. Kwa Tanzania maneno hayo hayakuwa mageni. Taifa lililotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuamua kwamba zahanati ni haki ya mkulima wa kijijini kama vile hospitali ilivyo haki ya mtu wa mjini.

Haikupita hata miezi miwili, majeshi ya nduli Idi Amin yakavuka mpaka na kuivamia ardhi ya Kagera. Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba uwezo wa kumpiga mvamizi upo, sababu ipo na nia ipo. Taifa likaitika.

Hivyo katika msimu mmoja Tanzania ilijikuta na mambo mawili makubwa: vita vya kulinda ardhi yake, na siasa ya afya inayoanzia kijijini. Jambo la kusikitisha ni kwamba mambo hayo mawili hayakuunganishwa. Mpiganaji alirudi kijijini, zahanati ikajengwa kijijini, na miaka mingi ikapita bila zahanati kumwuliza mpiganaji alirudi na nini.

Hakuna mahali panapofaa zaidi kulizungumza jambo hili kuliko Mwitongo. Hapa amelala Mwalimu, Amiri Jeshi Mkuu aliyetoa amri ya kupigana. Butiama hii ndiko alikozaliwa pia Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, baadaye akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988, na akafariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Mkoa wa Mara ulikuwa umetoa askari wengi tangu zama za King's African Rifles. Musuguri mwenyewe aliingia katika jeshi hilo la mkoloni mwaka 1942, akapelekwa Madagascar. Ilipofika zamu ya kuilinda nchi huru, vijana wa Musoma, Bunda, Butiama, Tarime na Serengeti hawakuhitaji kubembelezwa.

Lakini walioitika hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa majuma machache baada ya Amin kunyakua madaraka Uganda, ulielekeza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma wote, na wananchi wafundishwe mgambo. Vita vilipokuja, makumi ya maelfu ya wanamgambo walivaa sare. Walitembea kwa miguu pamoja na askari wa Jeshi la Wananchi kutoka Mutukula hadi Masaka, iliyotekwa Februari 1979. Wakapita vinamasi vya Lukaya mwezi Machi. Wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili. Na vita vikamalizika mwanzoni mwa Juni, karibu na mipaka ya Sudani na Zaire ya wakati huo. Baada ya hapo, askari wa kudumu alirudi kambini, kwenye wenzake na hospitali ya jeshi. Mwanamgambo hakuwa na kambi ya kurudia. Alirudi kwenye jembe, kwenye ng'ombe na kwenye nyavu za ziwani.

Alirudi pia katika nchi iliyochoka. Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na dhiki ikazidi muda huo. Sabuni haikupatikana, sukari haikupatikana, dawa zilikuwa haba. Katika hali kama hiyo, nani angepata nafasi ya kumsikiliza mtu anayesema kwamba halali usiku?

Kwa hakika hata wataalamu wakubwa wa dunia walikuwa bado wanatafuta jina la ugonjwa huo. Katika Vita Kuu ya Kwanza madaktari wa Uingereza waliuita mshtuko wa mizinga, na baadhi ya makamanda waliuita woga tu, wakawaadhibu wagonjwa. Ni mwaka 1980, baada ya maelfu ya askari wa Marekani kurudi kutoka Vietnam wakiwa wamevurugika, ndipo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipouweka rasmi katika kitabu chake cha maradhi. Kwa Kiswahili ugonjwa huo unaweza kuitwa maradhi ya kiwewe. Maana yake ni kwamba mpiganaji wa Kagera alifika nyumbani mwaka mmoja kabla ya maradhi yake kupewa jina.

Maradhi hayo si kurogwa, si laana, na wala si udhaifu wa moyo. Mwili wa binadamu una kengele ya hatari. Mtu akikabiliwa na kifo, kengele hiyo hulia: moyo hupiga mbio, misuli hukaza, masikio husimama, usingizi hukimbia. Kwa askari aliye handakini kengele hiyo ni rafiki, kwani ndiyo inayomwokoa. Tatizo hutokea pale hatari inapokwisha na kengele ikakataa kunyamaza. Ngurumo ya radi juu ya Ziwa Victoria huwa ni mizinga ya "saba saba". Harufu ya nyama iliyoungua humrudisha mtu kwenye gari lililolipuliwa. Mlango ukibamizwa na mtoto, mzee hujikuta amelala kifudifudi, kisha huona haya mbele ya wajukuu.

Si kila aliyepigana anaupata ugonjwa huu. Wapiganaji wengi walirudi, wakalala, wakajenga nyumba na kulea watoto bila shida kubwa. Wengine waliumwa miezi michache wakapona kwa kukaa na ndugu na kufanya kazi. Lakini wapo ambao kiwewe kiliwashika wasikione, au walikizuia kwa kazi nyingi mpaka walipostaafu. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia miaka 70. Nguvu za kulima zimepungua, mke pengine ametangulia, watoto wako mbali. Kazi iliyokuwa ikimsahaulisha imekwisha, na usiku umekuwa mrefu. Wataalamu wameona katika nchi nyingi kwamba kiwewe cha ujana kinaweza kurudi kwa nguvu uzeeni.

Sasa mzee huyo akienda zahanati, anasema nini? Hasemi habari za Lukaya. Anasema kichwa kinamwuma, tumbo linawaka, mgongo haumpi nafasi, usingizi hauji. Mganga anapima shinikizo la damu, analikuta liko juu. Anampa vidonge vya maumivu na vya tumbo. Mwezi ujao mzee anarudi na maneno yale yale. Pengine ananuka gongo, na muuguzi anamsema kwa ulevi wake. Hakuna aliyekosa kwa makusudi. Mganga ametibu kile alichoambiwa. Lakini mzee hakuambiwa kwamba anaweza kusema mengine, na mganga hakufundishwa kuuliza.

Ndugu Waganga na Wauguzi, hapo ndipo kazi inapoanzia, na inaanza kwa swali moja. Katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu, kila mzee anayekuja kwa mara ya kwanza aulizwe: Je, uliwahi kuwa jeshini au katika mgambo, na ulifika vitani? Jibu liandikwe katika kadi yake. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha za kigeni.

Akijibu ndiyo, yafuate maswali mengine 5. Madaktari wa maveterani nchini Marekani huyatumia katika kliniki za kawaida, na Kiswahili kinatosha kabisa kuyabeba. Katika mwezi uliopita, je, umeota ndoto mbaya za mambo yale, au kuyawaza bila ya kutaka? Je, umejitahidi kutoyafikiri, au kukwepa mahali na watu wanaokukumbusha? Je, umekuwa katika hali ya tahadhari wakati wote, ukishtuka kwa jambo dogo? Je, umejiona umekufa ganzi moyoni, au umejitenga na watu na shughuli zako? Je, umekuwa ukijilaumu, au kuwalaumu wengine, kwa yaliyotokea, usiweze kuacha? Mzee akijibu ndiyo kwa matatu au zaidi, haina maana kwamba ugonjwa umekwisha kuthibitika. Maana yake ni kwamba anastahili kuchunguzwa zaidi, naye asirudishwe nyumbani na vidonge vya kichwa peke yake.

Namna ya kuuliza ni muhimu kama swali lenyewe. Muuguzi mwenye miaka 25 hawezi kumkabili mzee mwenye umri wa babu yake, mbele ya foleni ya wagonjwa, akamwuliza kwa sauti kama anaota maiti. Aanze kwa shikamoo, amkalishe, afunge mlango, amwulize habari za nyumbani kabla ya habari za vita. Asimlazimishe kusimulia mapigano. Kumchimbua mtu aeleze aliyemwona akifa, kisha kumwambia zamu yake imekwisha, ni kufungua kidonda na kukiacha wazi. Mzee atasema anayotaka kusema siku anayotaka kuyasema. Kinachotakiwa ni ajue kwamba katika zahanati hiyo yupo mtu anayeweza kuyasikia.

Baada ya hapo tiba yenyewe si ya ajabu. Kwanza, mzee na jamaa yake waelezwe ugonjwa huo ni nini, kwani mtu aliyeamini kwa miaka 40 kwamba amerogwa au amepungukiwa na uanaume hupata nafuu kubwa anapoambiwa kwamba mwili wake ulifanya kazi ya kumlinda, na haujaambiwa bado kwamba vita vimekwisha. Pili, afundishwe mambo madogo ya kutuliza kengele ile: kupumua polepole kutoka tumboni, kulala na kuamka kwa saa maalumu, kutembea, kurudi kwenye shughuli aliyokuwa akiipenda. Tatu, pombe ishughulikiwe kama sehemu ya ugonjwa, pasipo matusi. Gongo humpa mtu usingizi wa saa mbili na kumnyang'anya usingizi wa usiku mzima. Nne, maradhi mengine, kama shinikizo la damu, maumivu ya viungo na masikio yaliyozibwa na milio ya mizinga, yatibiwe kwa bidii, maana mwili unaouma hauachi akili ipumzike.

Kuhusu dawa, yafaa kuwa na hadhari. Ni rahisi kumpa asiyelala vidonge vya diazepamu akalala. Lakini dawa hizo haziponyi kiwewe, na mtu huzizoea akashindwa kuziacha, hasa akizichanganya na pombe. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2013 kwa ajili ya wahudumu wa ngazi ya chini inaweka mbele tiba ya mazungumzo na mafunzo ya kutuliza msongo. Dawa za kutibu sonona zinaweza kutumika kwa mtu mzima pale tiba hizo zisipofaa au zisipopatikana, na hizo zitolewe na anayezifahamu na atakayemfuatilia mgonjwa.

Yako pia mambo ambayo zahanati haipaswi kubaki nayo. Mzee anayesema amechoka kuishi, anayetishia kumdhuru mkewe, au anayesikia sauti zisizokuwapo, apelekwe mbele siku ile ile, akisindikizwa na mtu wake: hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, na ikibidi Bugando, Mwanza. Na akirudi kijijini, zahanati impokee tena. Rufaa isiyo na marejeo humwacha mgonjwa njia panda.

Wako watakaosema kwamba zahanati zina mzigo wa kutosha, kwamba malaria, wajawazito na watoto wachanga wanatosha kuwachosha wahudumu wawili au watatu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Mzee huyo tayari yuko kwenye foleni. Anakuja kila mwezi, anachukua dawa, anachukua muda, na haponi. Kumwuliza maswali sahihi mara moja ni kupunguza mzigo. Zaidi ya hayo, Tanzania imekwisha kuijaribu njia hii. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ukiwafundisha wahudumu wa kawaida kutambua na kutibu wagonjwa wa akili karibu na makwao, badala ya wote kusafirishwa hadi Mirembe, Dodoma. Msingi ulikwisha kuwekwa. Ni juu ya kizazi hiki kuendeleza kuta.

Wazee wa mkoa huu nao wana elimu yao. Katika jamii nyingi za kanda ya Ziwa, aliyeua vitani hakuingia nyumbani kwake moja kwa moja. Alikaa kando, akatakaswa na wazee, kisha akapokelewa. Kijana wa sasa anaweza kuyaita hayo ushirikina. Lakini ndani yake kulikuwa na hekima: jamii ilikiri kwamba vita humbadilisha mtu, na ikamwekea mlango wa kurudia. Wanamgambo wengi wa mwaka 1979 walishuka kwenye lori asubuhi na jioni wakatarajiwa kuwa watu wale wale. Zahanati haitafanya matambiko, wala haitakiwi. Inaweza, hata hivyo, kuwakutanisha wapiganaji wa kata moja, mara moja kwa mwezi, chini ya mti, wapimwe shinikizo la damu na wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Mpiganaji humwambia mpiganaji mwenzake yale ambayo hamwambii daktari.

Na wake zao wasisahauliwe. Nani anajua kama mzee anaweweseka usiku, kama si mama aliyelala karibu naye kwa miaka 40? Wako kina mama waliojifunza kumwamsha mume kwa kumgusa kidole cha mguu wakiwa wamesimama mbali, ili wasipigwe ngumi na mtu ambaye bado yumo usingizini. Mama huyo naye ni mgonjwa wa vita, ingawa hakuvuka Mto Kagera. Aulizwe hali yake.

Tena jambo hili si la wazee peke yao. Wanajeshi wa Tanzania wamelinda amani Darfur na Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Wenzao waliookoka ni vijana. Wengine kati yao watastaafu na kurudi vijijini. Zahanati itakayojifunza leo kwa babu itakuwa tayari kesho kwa mjukuu.

Chama kina wajibu wa pekee katika kazi hii. Chama ndicho kilichoelekeza mgambo uundwe. Chama ndicho kilichopita nyumba kwa nyumba kuhamasisha vijana. Aliyemwita mtu kwa jina lake hawezi kudai kwamba hajui anapokaa. Balozi wa shina anajua katika nyumba zake nani alikwenda Uganda, nani alirudi, na nani amejifungia. Basi orodha itengenezwe shina kwa shina, ipelekwe kwa mganga mfawidhi wa zahanati, wala isiishie katika majalada ya ofisi ya kata. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa upya mwaka 2024, wafundishwe maswali yale 5. Na dirisha la wazee katika vituo vya afya liwe dirisha kweli, ambapo mzee asiye na uwezo hapewi maneno ya kesho na keshokutwa.

Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mkuki na ngao na mashada ya maua kwa heshima ya waliokufa. Ni jambo jema, na liendelee. Lakini waliokufa hawahitaji tena kuulizwa kama walilala. Wanaohitaji ni wale wanaokaa kwenye benchi la zahanati asubuhi hii, kadi mkononi, wakingoja kuitwa. Idadi yao inapungua kila mwaka. Muda wa kuwauliza si mwingi.

Ndugu Waganga na Wauguzi, mzee huyo hakungoja aulizwe mara mbili nchi ilipovamiwa. Kesho asubuhi atakapofika, apewe shikamoo yake, akalishwe, na aulizwe.